Hesabu ya Vifaranga Huanza Siku ya 22

Kuku wa kienyeji wanaouzwa kwenye masoko ya Dar es Salaam kama Shekilango na Kisutu, wengi wao hutoka Singida, Dodoma na maeneo mengine ya kanda ya kati. Hufika mjini wakiwa wamejazwa kwenye matenga juu ya magari, na mnunuzi anayetaka supu ya kienyeji hulipa zaidi ya bei ya kuku wa nyama wa kisasa. Biashara hiyo yote imesimama juu ya kaya zenye kuku kumi au ishirini uani, zisizo na mashine yoyote. Kuku hao waliatamiwa na mama zao.

Hata hivyo, kila inapozungumzwa namna ya kuongeza kuku vijijini, jibu la kwanza huwa mashine ya kutotolesha. Kikundi cha akina mama au cha vijana kikikaa kuandika andiko la kuomba mkopo wa halmashauri, inkubeta hupewa mstari wa kwanza wa bajeti. Chanjo huandikwa chini, na mara nyingine haiandikwi kabisa. Kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji, fedha hizo zinakwenda mahali pasipo na tatizo. Kuku anajua kutotoa. Vifaranga wanapotea baada ya kutotolewa, hasa katika wiki nne za mwanzo, na huko ndiko jasho na shilingi vinakohitajika.

Mtazame mtetea anavyofanya kazi. Akishataga mayai yake, kwa kawaida kati ya 10 na 15, mwili wake hubadilika. Homoni ya prolaktini hupanda, utagaji husimama, na manyoya ya tumboni hunyonyoka ili ngozi yenye joto iguse mayai moja kwa moja. Hutoka kiotani kama mara moja kwa siku, kwa dakika 15 au 20, akala, akanywa, akajisaidia na kuoga vumbi, kisha akarudi upesi. Usiku na mchana huyageuza mayai kwa mdomo, ya pembeni akiyavuta katikati. Kugeuza huko huzuia kiinitete kugandana na utando wa ganda, na huisaidia mishipa ya damu kusambaa vizuri. Kwa siku 21 hahitaji umeme, wala kipimajoto, wala mtu wa kuamka usiku. Anachohitaji ni kiota kikavu chenye kivuli, maji na punje karibu, na kiota kisicho na utitiri. Utitiri ndio humfanya kuku akimbie mayai yaliyokaribia kuanguliwa, kwa hiyo kiota kinyunyiziwe majivu au dawa ya unga kabla hajaanza kulalia.

Mashine hulazimika kuiga yote hayo. Yenye feni hutaka joto la nyuzi 37.5 hadi 37.8 za Selsiasi, unyevu wa asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18, ndipo kugeuza kukome. Kipimajoto kikidanganya kwa nyuzi moja tu, matokeo yake huonekana: joto likizidi, vifaranga huwahi kutoka wakiwa dhaifu, likipungua, huchelewa na wengi hufia ndani. Kwa sababu hiyo mafundi hulinganisha kipimajoto cha mashine na kile cha kupimia homa ya binadamu kabla ya kupanga yai hata moja. Umeme ukikatika, kinachotakiwa ni kutofungua mlango na kuifunika mashine kwa blanketi, huku matundu ya hewa yakiachwa wazi, kwa maana kiinitete hustahimili ubaridi wa muda mfupi kuliko joto kali. Nyuzi 40 na zaidi zikidumu kwa saa kadhaa, kazi yote imeharibika.

Yai lenyewe nalo lina masharti, iwe litakwenda chini ya kuku au ndani ya mashine. Lisizidi siku saba tangu litagwe. Likae mahali penye ubaridi, upande uliochongoka ukiwa chini, kwa sababu chumba cha hewa kiko upande butu. Lisioshwe, kwani maji huondoa utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda na kuzuia vijidudu. Siku ya saba, mfugaji azime taa na aweke tochi ya simu kwenye upande butu wa yai. Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi lililozungukwa na mishipa myekundu iliyotanda kama miguu ya buibui. Yai lisilo na kitu hupitisha mwanga mweupe mtupu, na lenye pete ya damu ni la kiinitete kilichokufa. Haya mawili yatolewe, la sivyo yataoza, na yai viza likipasuka huwachafua wenzake wote.

Ujuzi wa kutotolesha mayai bila kuku si mgeni Afrika. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kwamba huko Misri mayai yalitotoleshwa kwa kufukiwa ndani ya lundo la samadi. Baadaye Wamisri wakajenga matanuri ya udongo ya vyumba vya juu na chini, yaliyobeba maelfu ya mayai kwa wakati mmoja, na mafundi wake walipima joto kwa kugusisha yai kwenye kope la jicho. Mwaka 1749 mwanasayansi wa Ufaransa, Réaumur, alichapisha kitabu cha kuieleza kazi hiyo akitaka nchi yake iige. Jambo moja katika mpango wa Misri linastahili kuangaliwa na kila anayeandika mradi leo: mafundi wa tanuri walipokea mayai ya wanakijiji, wakawarudishia vifaranga wachanga. Kutotolesha kulifanywa mahali pamoja na watu wachache wenye ujuzi, kulea kukafanywa na kila kaya. Hizo ni kazi mbili, na ya pili ndiyo ndefu.

Kabla ya kufika huko, kuna saa za mwisho ndani ya ganda, ambazo wafugaji wengi huziharibu kwa huruma. Karibu na siku ya 20, kifaranga hutoboa utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa. Hapo mapafu yake hufanya kazi kwa mara ya kwanza, na mtu akiliweka yai sikioni husikia mlio wakati ganda bado zima. Kisha, kwa kijino kigumu kilicho juu ya ncha ya mdomo, hupasua ufa mdogo kwenye ganda. Baada ya ufa huo hutulia. Anaweza kutulia saa 12, hata 18, na mfugaji akadhani amekwama. Hajakwama. Katika utulivu huo, damu iliyo kwenye mishipa ya ganda inarudi mwilini mwake, na kiini cha yai kilichobaki kinavutwa kuingia tumboni. Anayemsaidia kwa kumenya ganda mapema hukata mishipa hiyo, na kifaranga huvuja damu akafa au akatoka na kitovu kilicho wazi. Wakati ukifika, yeye mwenyewe huzunguka taratibu ndani ya yai akikata ganda duara, kisha husukuma kwa miguu na kutoka.

Kiini alichokivuta tumboni humlisha kwa siku mbili hadi tatu. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja huweza kuwekwa kwenye maboksi yenye matundu na kusafirishwa kwa basi usiku kucha hadi mikoani bila kula. Lakini akiba hiyo humdanganya mlezi. Kifaranga aliyeanza vibaya haonekani siku ya kwanza wala ya pili. Huanza kufa siku ya nne au ya tano, akiba ikiwa imekwisha na hajajifunza kula.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Kaya moja ina mitetea mitatu, kila mmoja amelalia mayai 12, jumla 36. Vifaranga 30 wameanguliwa, na hayo ni mavuno ya kawaida kwa kuku wa kienyeji aliyetulia kiotani. Vifaranga hao wakiachwa watembee na mama zao tangu siku ya kwanza, bila chanjo, bila banda, wakitafuta chakula wenyewe, si ajabu wakabaki 12 wanapofika wiki ya nane. Kaya ya pili imenunua mashine ya mayai 60. Kwa uangalizi wa kati, imepata asilimia 70, yaani vifaranga 42. Ikiwalea kwa mtindo uleule na kubakiwa na asilimia 40, itakuwa na 17. Kaya ya tatu ina mitetea mitatu kama ile ya kwanza na vifaranga 30 walewale, ila imewapa joto, chakula, maji safi na chanjo, na wamebaki asilimia 80. Hao ni 24. Kaya isiyo na mashine imeishinda yenye mashine kwa kuku saba, na haijalipa umeme.

Kinachowaua vifaranga kinajulikana, na cha kwanza ni baridi. Kifaranga mchanga hawezi kujitengenezea joto la kutosha mpaka manyoya ya kweli yaanze kuota, wiki ya pili au ya tatu. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto lipunguzwe kama nyuzi tatu kila wiki. Mama yake humpa joto hilo chini ya mbawa. Asiye na mama anahitaji bruda, na bruda ya nyumbani ni duara la hadibodi au mabati lililowekwa maranda makavu. Duara ni bora kuliko boksi, maana vifaranga wakishikwa na baridi hukimbilia pembeni, hurundikana, na wa chini hukosa hewa.

Chanzo cha joto kiwe balbu, taa ya chemli, au chungu cha udongo chenye mkaa uliokwisha kushika moto. Mkaa una hatari yake: ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua vifaranga wote kwa usiku mmoja na humdhuru pia mtu anayelala chumba hicho. Moto uwashwe nje mpaka moshi uishe, chungu kiinuliwe juu ya matofali kisiguse maranda, na sehemu ya juu ya dirisha ibaki wazi.

Asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe. Wakijibana chini ya taa na kulia kwa nguvu, wana baridi. Wakikaa mbali na taa, wakatanua mbawa na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila na wengine wamelala ubavu, joto limekaa. Walezi wazoefu hufanya jambo jingine: humwinua kifaranga na kuigusisha miguu yake kwenye shavu. Miguu ikiwa ya baridi, bruda ni ya baridi, hata kama kipimajoto kinasema vingine.

Cha pili ni njaa na kiu. Vifaranga wanaotembea na mama hupata mchwa, mbegu na mabaki ya jikoni, lakini hushindana na kuku wakubwa na hushindwa. Suluhisho ni tenga lenye nafasi pana kati ya fito, au uzio mdogo wenye milango ambayo kifaranga hupita na kuku mkubwa hapiti, chakula kikiwa ndani. Chakula cha kuanzia kiwe na protini ya asilimia 18 hadi 20. Pumba za mahindi peke yake hazifiki hapo. Huchanganywa na mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa na madini ya dukani. Siku ya kwanza, maji yatangulie chakula, na mdomo wa kifaranga mmoja mmoja uchovywe majini ili wajifunze. Chombo kiwe kifupi, chenye kokoto ndani, kwa sababu kifaranga huzama kwenye kina cha vidole viwili. Jioni ya siku ya kwanza, mlezi apapase mfuko wa chakula ulio chini ya shingo: ukiwa umejaa na laini, kifaranga amekula na kunywa; ukiwa mgumu, amekula bila maji; ukiwa mtupu, hajui chakula kiko wapi.

Cha tatu ni adui wa juu na wa chini. Mwewe, nguchiro, kicheche na paka wanajulikana kila mahali. Mijini na Pwani kuna pia kunguru weusi, ndege wa asili ya Asia walioingizwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ambao hunyakua vifaranga mchana kweupe mbele ya mama yao. Tenga la kufunika mama na watoto kwa wiki tatu au nne za mwanzo, lililosukwa kwa fito za kijijini, huzuia karibu wote hawa. Vifaa vyake havinunuliwi.

Cha nne ni magonjwa, na ugonjwa mkubwa kuliko yote ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Husababishwa na virusi. Kuku hukohoa, huharisha kijani, hushusha mbawa, wengine hupinda shingo, na banda zima huweza kwisha ndani ya wiki moja. Hauna tiba. Una chanjo, na kwa mfugaji wa kijijini chanjo muhimu kuliko zote ni I-2, iliyotengenezwa Australia na Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland kwa ajili ya nchi zisizo na majokofu ya uhakika. Hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone moja jichoni, na tone ni lilelile kwa kifaranga na kwa jogoo. Tanzania inaizalisha yenyewe, kwenye taasisi ya chanjo ya Wakala wa Maabara ya Veterinari iliyoko Kibaha. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mtetea aliyechanjwa kabla ya kutaga hupitisha kinga kwa watoto wake kupitia kiini cha yai, nayo huwalinda kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Ulinzi wa kifaranga kwa hiyo huanza kabla yai halijatagwa.

Baada ya mdondo hufuata gumboro, uliopewa jina la eneo la Gumboro katika jimbo la Delaware, Marekani, na kuelezwa kitaalamu mwaka 1962. Huwapata zaidi vifaranga wa wiki tatu hadi sita na hushambulia kiungo kinachotengeneza kinga ya mwili, hivyo hata anayepona hubaki dhaifu. Ratiba inayotumika sana kwa vifaranga wa bruda ni mdondo siku ya 7, gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui kwa sindano ya kwenye bawa wiki ya sita hadi ya nane. Chanjo ya maji iwekwe kwenye maji yasiyo na klorini, vifaranga wakiwa wameshinda na kiu kwa saa mbili, na imalizike ndani ya saa mbili nyingine. Kuharisha damu, kunakosababishwa na vijidudu vya koksidia, huja pale maranda yanapoloa. Dawa yake, amprolium, ipo madukani, lakini kubadilisha maranda yenye unyevu ni rahisi zaidi.

Mfugaji aliyeshika mambo haya manne anaweza kuongeza vifaranga bila kununua mashine. Njia yake ni kuwalaza mitetea kwa pamoja. Mmoja akianza kulalia mapema, huwekewa mayai ya kushikia tu, yasiyo ya kutotolesha, huku mazuri yakitunzwa pembeni mpaka wa pili na wa tatu waanze. Kisha wote hupewa mayai siku moja. Vifaranga wakitoka, hukabidhiwa mtetea mmoja au bruda, na mitetea wengine hurudi kutaga. Kuku anayelea kwa miezi miwili au mitatu hupata mizunguko mitatu au minne tu kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mwaka huo hatagi. Akitenganishwa na watoto mapema, hurudi kutaga baada ya wiki chache.

Mashine ina mahali pake halali. Kuku wa kisasa wa mayai, pamoja na baadhi ya chotara kama Kuroiler, aina iliyotoka kwa kampuni ya Keggfarms ya India, walichaguliwa vizazi kwa vizazi wasilalie, kwa sababu kuku anayelalia hatagi. Mayai ya kuku hao yanahitaji mashine, au mtetea wa kienyeji wa kuazima. Nchini Kenya, kienyeji iliyoboreshwa ya KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo yenye kituo Naivasha, huwafikia wafugaji ikiwa vifaranga, na kutotolesha kwa wingi namna hiyo hakuwezekani chini ya mbawa. Anayeuza vifaranga wa siku moja kwa majirani naye anaihitaji, mradi awe na kuku wazazi waliochanjwa na jogoo mmoja kwa mitetea kama kumi.

Kwa wengine wote, maofisa mifugo wa kata na halmashauri wanaopitisha maandiko ya mikopo wangeweza kuweka sharti moja rahisi. Kabla kikundi hakijapewa fedha ya inkubeta, kilete daftari la miezi mitatu lenye safu nne: mayai yaliyolaliwa, vifaranga walioanguliwa, waliofika wiki ya nne, na waliofika wiki ya nane, pamoja na tarehe za chanjo. Kikundi kinachofikisha vifaranga wanane kati ya kumi wiki ya nane kinajua kulea, na mashine itakiongezea kuku. Kinachofikisha wanne kipewe kwanza bruda, matenga, chakula cha kuanzia na chanjo za mwaka mzima, vyote kwa gharama iliyo chini ya bei ya mashine, kisha daftari lake likaguliwe upya baada ya miezi mitatu mingine.